Kiti cha Mbele cha Gidabuday

Gidabuday wa Gehandu alijifunza ufundi akiwa amelala chali chini ya matrekta ya mzungu mmoja mkulima wa ngano. Mzungu alipoondoka, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, aliacha bandani gari refu la Kimarekani, pana kama zizi la ndama, halina injini, na kuku wanatagia ndani. Kijiji kilipokabidhiwa shamba, wazee wakamwambia Gidabuday, "Chukua bati lako hilo, utuachie banda."

Alihangaika nalo miaka mitatu. Injini aliitoa kwenye lori lililopinduka mteremko wa Dirma. Springi alizitoa kwenye trela bovu. Bampa alizisugua kwa majivu mpaka ukajiona meno. Gari zima akalipaka kijani, rangi iliyobaki walipopaka ofisi ya kijiji. Waliokuwa wakimcheka wakaanza kumwita fundi.

Vikabaki viti. Panya walikuwa wamevila, waya zimechomoza. Katibu wa chama, ndugu Theodory, aliyehamishiwa kule kutoka Songea, akaja kuangalia.

"Saba Saba utambeba mgeni wa wilaya, fundi. Lakini hapa si utamtoboa makalio?"

"Viti vitakuwa tayari, ndugu katibu," alijibu Gidabuday, na ahadi ikamkaa shingoni.

Ngozi alizokuwa nazo zilikuwa ngumu kama mbao. Ngozi laini aliijua ilipo: darini kwa mama yake. Ilikuwa sketi yake ya ndoa, aliyoilainisha kwa samli mwaka baada ya mwaka. Kwa Wabarabaig sketi hiyo si nguo tu. Mke akiishika mkononi, hata mume aliyepandwa na hasira hushusha fimbo. Lakini serikali ilikuwa imepita ikihimiza watu waache kuvaa ngozi, na mama sasa alivaa kanga. Gidabuday akajiambia, kitu kilichowekwa darini kimeshastaafu. Mama alipokwenda kumwuguza dada yake, akapanda darini. Alipoikata mara ya kwanza aligeuka kutazama mlangoni. Akaendelea kukata.

Saba Saba ilipofika, kijiji kizima kilijaa uwanjani. Mama yake alikuwa amerudi asubuhi ileile, akasimama mbele na akina mama wenzake, akitabasamu kwa ajili ya mwanawe. Hotuba ya mgeni ilipokwisha, mlango wa gari ukafunguliwa. Tabasamu likamkauka. Mishono ya mkono wake aliitambua hata katikati ya waya na misumari.

Mgeni akajibwaga kitini, akapapasa. "Aisee! Ngozi laini kama shavu la mtoto. Umeipata wapi, fundi?"

Gidabuday aliona macho ya mama yake. Hatua tano tu. Angeweza kusema.

"Nimeinunua mnadani, mzee," akasema.

Mama alijifunika kanga kichwani akaondoka, na akina mama wakamfuata mmoja mmoja, mpaka upande wao wa uwanja ukabaki mtupu. Mgeni akauliza, "Wameudhika na hotuba?" Gidabuday akatia gia. Hakuona barabara vizuri.

Jioni alifumua kiti, akavibeba vipande hadi kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho kutoka kwenye kibuyu alichokuwa akikisafisha.

"Nimekuletea…"

"Virudishe mnadani. Si ndiko ulikonunua?"

Alisimama pale mlangoni, mtu mzima mwenye watoto, akitamani angalau amtukane.

Kesho yake akina mama waliketi baraza lao, lile ambalo mwanamume haingii ila kwa kuitwa kujibu kosa. Wakamwita. Faini ilikuwa dume jeusi la ng'ombe, akalitoa papo hapo, akidhani ndiyo mwisho. Konsolata, shangazi yake mwenye ulimi mkali, akacheka.

"Dume tutalila, fundi, usijali. Sasa sema. Kile kiti ulikishona kwa kitu gani?"

"Kwa sketi ya mama yangu," akanong'ona.

"Hatusikii! Mbona injini yako tunaisikia hadi mlimani?"

"Kwa sketi ya mama yangu!"

"Na mbele za watu ulisemaje?"

Jasho lilimtiririka. Alikuwa ameinua injini nzima kwa mnyororo na gogo, lakini maneno haya yalimshinda uzito. Akasema kwamba alidanganya. Akasema kwamba alimwona mama yake amesimama pale, akamkana, kwa kuwa alitaka kusifiwa na mgeni ambaye hata jina lake hakulijua.

Mama yake, aliyekuwa amempa mgongo muda wote, akauliza bila kugeuka, "Umekula tangu jana?"

"Bado, mama."

"Kale kwa mkeo," akasema. "Kwangu bado."