Mbili Iliyokatwa Mstari

Hakuna aliyempenda Mutheu pale kiwandani, na yeye hakuwa amemwomba mtu ampende. Kiwanda chenyewe kilikuwa Ruiru, nyuma ya maghala, na kilipakia vifaa vya kupima sukari ya damu: mashine ndogo ya kushika mkononi, visindano vya kutoboa kidole, na programu ya simu ya kuweka majibu. Kazi ya Mutheu ilikuwa kuchagua alama za kuchapwa kwenye masanduku. Mwavuli wenye matone, maana yake kitu kisilowe. Kiwanda kidogo chenye paa la meno ya msumeno, kando yake jina la mtengenezaji. Tarakimu ya mbili ndani ya duara, imekatwa mstari: hiki hutumika mara moja, kisha kinatupwa. Alijua zipi zinadaiwa na sheria na zipi ni pambo tu, na aliyekosea alimsahihisha mbele za watu, kwa sauti iliyofika mpaka stoo.

Mtu ambaye Mutheu alimchukia zaidi ni Viola, mkuu wa mauzo, naye Viola alimrudishia chuki hiyo bila kupunguza. Siku ya kuamua sanduku jipya la visindano, waliketi pande mbili za meza na Macharia, mwenye kiwanda, katikati yao akijisugua macho.

"Maduka ya dawa ya Thika yanauliza zile herufi za Ulaya," Viola alisema. "C na E. Sanduku la wenzetu liko nazo. Letu linakaa la kuweka peremende."

"Hizo herufi si maua ya harusi," Mutheu akajibu. "Mtu anakaguliwa kwanza ndio aziweke. Sisi tumekaguliwa na nani? Cheti ni cha wale waliotuuzia visindano. Sisi tunavipakia upya kwa jina letu."

"Wewe umeandikwa kuchora, si kuhubiri."

"Na wewe umeandikwa kuuza, si kudanganya wagonjwa."

Macharia alikohoa. Yeye alizitaka herufi hizo, na alizitaka pia kwenye ukurasa wa kwanza wa programu ya simu. "Kwani zitaumiza nani, Mutheu?"

"Mkiziweka, nikitoka hapa naenda kwa wakaguzi wa serikali. Moja kwa moja."

Walimjua. Angeenda. Viola akaegemea kiti, akatafuta pengine pa kumchoma. Mutheu alikuwa ameandika maneno ya Kiswahili chini ya kila alama, na chini ya ile mbili iliyokatwa aliandika: *Tumia mara moja tu. Mtu asitumie kisindano cha mwenzake.*

"Basi hizo herufi zikitoka, na hayo maneno yako yatoke," Viola alisema. "Yanafanya sanduku lionekane la mtaani. Alama ni za dunia nzima. Zinajitosheleza, ama sivyo, mwalimu?"

Mutheu alijua kwamba hazijitoshelezi. Lakini alikuwa ameshaonja ushindi, na alitaka kumwona Viola akitoka chumbani mle mikono mitupu. "Toa maneno," akasema. "Lakini C na E haziingii." Akatia sahihi. Mchana huo alikula githeri yake peke yake, kama kawaida, na ilikuwa tamu kuliko siku zote.

Masanduku yalikuwa yameshaenea madukani mwanamke aitwaye Wakonyo alipofika kiwandani kutoka Murera. Alikuwa mama wa makamo, buti zake bado zina udongo wa shamba, na alipigana maneno na mlinzi mpaka kila mtu akatoka nje kuangalia. Viola ndiye aliyemfikia kwanza. Baada ya muda mfupi alirudi nyuma, akaita kwa sauti tamu, "Mutheu! Kuja. Anayejua mambo ya alama ni huyu, mama."

Wakonyo alimsukumia sanduku kifuani. "Hii inasema nini?"

"Inasema usirudie. Kisindano kimoja, mtu mmoja, mara moja."

"Inasema hivyo wapi? Mimi nimeona mbili imekatwa. Nikajua ni mtoto wa chini ya miaka miwili asiguswe nayo. Kwangu hakuna mtoto. Kuna mzee wangu na ndugu yake, wote wako na sukari. Nilikuwa natoboa huyu, napangusa na spiriti, natoboa yule. Sasa shemeji amepatikana na ugonjwa wa ini, ule wa kupitia damu. Daktari ananiuliza mzee wangu amechomwa na nini!"

"Si ungeuliza?" Mdomo wa Mutheu ulitangulia akili, kama siku zote.

"Niulize nani? Nipigie sanduku hodi?" Wakonyo alitema mate karibu na viatu vya Mutheu. "Ngai, Mungu aliye juu, akuone."

"Alama iko, mama," Viola alidakia. "Ni ya kimataifa. Kisheria tuko sawa."

Mutheu alimgeukia amrarue. Lakini hayo ndiyo maneno ambayo yeye mwenyewe angemjibu mtu yeyote jana yake.

Alipanda ngazi mpaka kwa Macharia. Lori la Thika lilikuwa linapakiwa.

"Hiyo lori isitoke. Turudishe maneno kwanza. Na tuite masanduku yaliyo madukani."

"Nani alitia sahihi ile lebo?"

"Mimi."

"Basi nyamaza nayo."

Hakunyamaza. Alikwenda kwa wakaguzi na kueleza jinsi maneno yalivyotolewa, na ni nani aliyesema yatolewe, akaanza na jina lake mwenyewe. Wakaguzi walikuja, wakasimamisha upakiaji, wakaamuru masanduku yarudishwe. Mutheu alifukuzwa kazi kabla hawajamaliza kukagua. Wapakiaji nao waliambiwa wakae nyumbani, na siku alipokwenda kununua sukuma wiki soko la Kimbo, Benta, aliyekuwa akifunga masanduku, alimsimamisha.

"Wewe ulikosea, sisi tukafungiwa! Watoto wangu wale alama?"

Mutheu alizoea kujibu. Safari hii aliacha mboga mezani akaenda zake.

Alikwenda Murera. Wakonyo alifungua geti upana wa uso tu, akalishika kwa mkono.

"Nimekuja kujua vile mzee anaendelea."

"Kipimo kimeonyesha hana. Amepewa siku nyingine apimwe tena. Shemeji ndiye amelala mgonjwa. Umejua. Enda."

"Ni mimi nilisema maneno yatolewe, mama. Nilitaka kumshinda mtu."

Uso wa Wakonyo haukulainika. "Na ulimshinda?"

"Ndiyo."

"Haya. Usirudi hapa."

Lakini geti halikufungwa. Wakonyo aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kisanduku kitupu cha dawa mpya ya mzee, ile ya kudungwa, akakishikilia mbali kama kitu cha kuuma. Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya kipimajoto. "Hii nayo?"

"Dawa isikae kwa joto. Ikipata joto inaharibika. Mnaiweka wapi?"

"Kwa dirisha. Ile ya jua."

"Itoe sasa hivi, mama. Iweke kwa kitu baridi, na muulize daktari kama bado inafaa."

Geti likabamizwa mbele ya pua yake. Upande wa pili Mutheu alisikia buti zikikimbia kuelekea nyumbani.