Tulivyokusanya mabuibui ya mtaa mzima ili kandili yetu ipimwe (Cheyo, enzi za Ujamaa)

Wakuu, marahaba, maana najua mngeniamkia.

Mimi ni bibi wa Cheyo, Tabora. Shule niliiona kwa mbali, ila jina la mtu halinipotei. Mjukuu wangu Rehema ananiambia nikisimulia hapa mtasema ni chai. Siyo chai. Nilikuwepo, na buibui langu lilikuwepo.

Enzi hizo watu wanahamia vijiji vya Ujamaa, na wakitoka shamba jioni wanasoma kisomo. Sasa kisomo cha jioni bila taa utasoma nini?

Mume wangu Feruzi, fundi bati, alikuwa akitengeneza kandili. Sisi wanawake wa kikundi tulisokota tambi na kutia vioo. Mkubwa wetu Bi Tatu binti Salumu, mwanamke wa maneno huyo! Halafu Mama Agata, Mkatoliki wa Puge aliyeolewa mjini.

Tukaambiwa: kandili zenu zikifika kipimo, zitanunuliwa kwa madarasa ya vijijini, kuanzia Puge. Zisipofika, basi. Na Feruzi alishaacha kazi nyingine zote. Nyumba yangu ilitegemea hapo.

Mpimaji akawa Bwana Elisha, Mmoraviani wa upande wa Sikonge, mpole, kaptula imenyooshwa pasi.

Mgeni anakuja, mtu wa kwetu anafanyaje? Anapaka chokaa! Tulikipaka chumba cha Bi Tatu juu mpaka chini. Kikawa cheupe kama yai.

Bwana Elisha akafika mlangoni, akafumba macho. Tukajua kafurahi.

Akafungua sanduku lake. Ndani kuna balbu ndogo imelazwa kwenye pamba. Akaiita taa mama. Haishikwi kwa vidole. Haiwashwi ovyo, maana ikiwaka sana inachoka, na nuru yake inabadilika. Kila baada ya muda inapelekwa Dar kulinganishwa na taa kubwa yake.

Bi Tatu akasema, "Kumbe na yeye ana mama mkwe!"

Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Ubao mrefu ukawekwa: taa mama huku, kandili yetu kule karibu na ukuta, katikati karatasi yenye doa la mafuta.

Hapo ndipo penye utamu. Karatasi inasogezwa taratibu. Mwanga wa pande zote mbili ukilingana, lile doa linapotea machoni. Akachora alama ya chaki: doa likipotelea hapo, au karibu zaidi na taa mama, tumefaulu.

Karatasi ikasogezwa. Ikapita chaki! Ikazidi kwenda! Vigelegele vikaanza.

Bwana Elisha akainua mkono. "Mama zangu, subirini. Mwanga mwingine huu ni wa ukuta. Chokaa inaurudisha."

"Si uandike hivyo hivyo, baba?" Bi Tatu akamwambia. "Ukuta wetu, chokaa yetu."

"Na Puge watasomea kwenye ukuta gani?"

Mama Agata akajibu kwa sauti ndogo, "Wa udongo. Na moshi umeupiga."



Kumbe Bwana Elisha alitaka chumba cheusi. Na kesho yake asubuhi alikuwa anakwenda Nzega, kurudi mpaka mvua ziishe. Nilimtazama Feruzi pale uani, kainamia nyundo yake kama mtu aliyefiwa.

Wakuu, aliyetuokoa ni Mama Agata, ambaye hata buibui hakuwa nalo. "Jamani," akasema, "si mna mabuibui?"

Tukatoka mbio na kanga zetu mabegani. Nyumba kwa nyumba. "Hodi! Buibui!" Watu wakadhani kuna msiba. Bi Tatu alikuwa na harusi jioni ile, lake kalikunja vizuri, analikumbatia.

Nikamwambia, "Lete, bibi harusi si wewe."

"Likinuka mafuta ya taa utalivaa wewe!"

Tukayatundika ukuta mzima. Chumba kikawa kama tumbo la chungu. Bwana Elisha akageuka, "Mama Agata, samahani, hicho kilemba cheupe nacho kinarudisha mwanga." Akatolewa nje, anacheka.

Akawasha upya. Macho ya watu hayafanani, akasema, kwa hiyo tutazame kwa zamu. Akaniita mimi.

Karatasi ikasogea. Safari hii polepole. Doa bado lipo. Bado. Mara likafifia, likazama, karatasi ikawa safi.

"Hapa!" nikasema.

Palikuwa juu ya chaki penyewe. Hapakuzidi hata kidogo. Bi Tatu akatazama, naye akasema hapo hapo. Bwana Elisha akatazama mwisho, akatabasamu.

"Nuru hii sasa ni yenu," akasema.

Feruzi alivyosikia vigelegele aliingia na viatu vyake vya kazi mpaka chumbani, akamkumbatia Bwana Elisha!

Kasheshe ikaja kwenye mabuibui. Yote meusi, la nani lipi? Tukawa tunanusa. Kila nyumba na udi wake. Hata hivyo Bi Tatu alikwenda harusini na langu, na alicheza nalo mpaka likachanika pindo.

Kandili zikaenda Puge. Moja ikabaki kwenye kisomo chetu cha Cheyo, na chini yake ndipo nilipojifunza kuandika haya mnayosoma.

Nilichojifunza ni hiki: sifa za chumba cheupe zilinifurahisha kidogo. Zile za chumba cheusi zimenifurahisha mpaka leo.

Haya, wenye bibi zao waliosoma kisomo, waulizeni walisomea taa gani, mje mniambie. Na anayetaka kucheka buibui langu, ruksa.