Mama Gundi na Marehemu Aliyepanda Baiskeli

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Gundi ameshaizunguka meza mara sitini. Meza yenyewe wanaweza kulala watu watatu na miguu wakanyoosha. Juu yake kuna marundo kumi na tano ya karatasi zilizokunjwa. Anachukua fungu moja kila rundo, la kwanza mpaka la kumi na tano, anagonga kingo zikae sawa, anaweka pembeni. Kitabu kimoja hicho. Anaanza upya.

"Watu wanadhani kitabu kinazaliwa kizima," anasema, miguu haisimami. "Wapi! Kinakuja vipande vipande, kama habari mbaya."

Ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia hapa, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji chenye bati linalopiga kelele jua likikolea. Jina lake la kweli hata msimamizi halijui mpaka afungue faili. Gundi imemganda vidoleni, akiongea anaibandua taratibu kama anamenya kitunguu.

Kila fungu ni kurasa kumi na sita. Riwaya ya kurasa mia mbili na arobaini, basi, ni mafungu kumi na tano. Kwa siku anakusanya vitabu mia nne. Na katika vyote alivyowahi kukusanya, hakuwahi kusoma hata kimoja, mpaka juzi juzi.

"Mpishi hushiba harufu," anasema.

Wiki tatu hivi zilizopita mashine ikaanza kusumbua, ikawa inatoa fungu moja tu kwa siku. Kazi iliyokuwepo ni riwaya ya vijana: msichana mgonjwa wa mapafu na mvulana mwenye baiskeli mbovu wanaopendana. Mama Gundi alikuwa anakunja karatasi huku anasubiri mashine. Akachungulia ukurasa mmoja.

"Mchovya asali hachovyi mara moja. Kesho yake nimefika kazini mapema, eti nakuja kukunja. Kukunja nini? Nataka kujua kama yule mtoto ametoka hospitali!"

Kilichomnasa ni mama wa yule msichana. Kwenye riwaya, mama huyo anamfukuza mvulana mlangoni. Anamwambia mwanangu ni mgonjwa, hana muda wa michezo.

Maneno hayo Mama Gundi aliyajua. Alishayasema mwenyewe, kwa mdomo wake, nyumbani kwake.

Binti yake ana miaka ishirini na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaokuja na maumivu ya mifupa. Mwaka jana pekee alilazwa mara saba. Baba yake aliondoka wiki ile ile majibu ya kwanza yalipotoka, binti akiwa na miaka miwili.

"Aliondoka na redio," anasema Mama Gundi. "Mtoto alimwona mzito, redio akaiona nyepesi."

Kwa hiyo fundi simu mmoja, kijana mpole mwenye kibanda karibu na kituo cha basi, alipoanza kuja jioni kumjulia hali binti, Mama Gundi alimkuta barazani akamweka sawa. Alimwambia mwanawe si wa kuchezea, na asikanyage tena pale. Kijana akasema, "Sawa, mama. Shikamoo." Akaondoka. Hiyo ni miezi minane sasa. Binti hakulia wala kugomba. Alipunguza kuongea tu.

Siku ya kukusanya riwaya ikafika. Mafungu kumi na matatu yalishapangwa mezani, la kumi na nne lilikuwa kwenye rafu, la kumi na tano ndiyo kwanza limetoka mashineni, wino bado unanuka. Mama Gundi akalisoma wima. Msichana anakufa. Kwenye mazishi yule mvulana anasimama nyuma kabisa, karibu na geti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia nafasi yake ni ipi.

"Hapo ndipo nilipokwisha," anasema.

Babu Kisu, mzee wa mashine ya kukatia karatasi, alikuwa anamtazama.

"Mama Gundi, leo gundi imekuingia machoni?"

"Vumbi la karatasi, babu. Kata karatasi zako."

"Vumbi gani hilo linatoa na kamasi?"

Akajifuta kwa kanga, akabeba rundo la kumi na tano akaliweka baada ya la kumi na tatu. La kumi na nne akalitupia mwisho. Akaanza kuzunguka.

Vitabu sitini na vitatu vilishapigwa gundi, vikavaa na jalada, msimamizi alipofungua kimoja.

"Nani amekusanya hivi?" akafoka. "Mtu amezikwa ukurasa wa mia mbili thelathini na nane, halafu nafunua mbele yuko ukurasa wa mia mbili na kumi anapanda baiskeli! Amefufuka?"

Babu Kisu alicheka mpaka akazima mashine. Mama Gundi akapewa barua ya onyo, ya kwanza tangu aajiriwe. Kitabu kikishapigwa gundi hakifumuliki, kwa hiyo vyote vikaenda kusagwa. Akaomba kimoja.

"Chukua," msimamizi akasema. "Na ukome kulia kazini."

Jioni akampelekea binti. Siku ya pili, binti akamfuata jikoni na kitabu mkononi.

"Mama, hiki kimekosewa."

"Najua. Mkosaji ni mimi."

"Mwisho wamepanda baiskeli, mvua inanyesha, msichana anamwambia kanyaga, usinihurumie." Binti akakifunga. "Mimi nakitaka hivi hivi."

"Lakini si ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Baiskeli ilitangulia. Kifo kilikuja baadaye."

"Najua, mama. Nimesoma namba za kurasa. Ila walipanda." "Mimi kufa naweza kufa tu, hata mlango ukiwa umefungwa."

Mama Gundi anasema alibaki ameshika mwiko, hakumbuki alikuwa anakoroga nini. Alichoweza ni kumwambia binti akae, asisimame sana, miguu itamuuma.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Leo ni Ijumaa, na kitabu kile kiko chini ya mto wa binti, Mama Gundi amekiona akitandika kitanda.

Saa ya chakula anaketi kwenye bunda la karatasi na kutoa simu mfukoni. Anaigeuza mbele, nyuma. Kesho Jumamosi anatoka mapema, anasema, atapitia kibandani kwa yule fundi.

"Imeharibika?" anaulizwa.

"Nitamwambia haishiki chaji."

"Kwani haishiki?"

"Inashika vizuri tu." Anairudisha mfukoni, anainuka, mezani marundo yanamsubiri. "Nitamwachia hapo hapo. Nimwambie akimaliza, ailete nyumbani mwenyewe."