Kichwa cha Samaki Kilichokwenda Columbus

Bagula wa Black Rock si mtu wa maneno mengi, na shida yake inaanzia hapo, maana Amerika hii asiyejisemea anasemewa na wengine. Alizaliwa Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Walipomleta huku kama mkimbizi walimweka Louisville, akafunga maboksi miaka mitatu kwenye kiwanda cha Jeffersontown mpaka mgongo ukakataa. Akahamia Buffalo, mtaa huo wa Black Rock, kwa sababu mbili: nyumba rahisi, na mto. Mke wake, Nzigire, anasema sababu ni moja tu, mto.

Lakini kuliko samaki, alimtaka Alliance, binti yake. Mtoto alipotea siku ya kukimbia vita, akaonekana kambini Burundi wakati baba ameshavuka bahari. Mwanasheria wa kanisa alimweleza wazi: ukila kiapo cha uraia ukamwombea kibali kabla hajatimiza miaka ishirini na moja, atakuja upesi. Miaka hiyo ikikutangulia, anaingia foleni ya miaka na miaka. Alliance alikuwa anatimiza tarehe tisa Septemba. Mahojiano ya uraia ya baba yalipangwa mwezi wa sita. Muda ulikuwepo.

Mwezi wa tano akavua samaki mrefu kama mguu wa mtu, mdomo wa bata, meno ya mbwa. Mto ule una wawili wanaofanana hivyo, ndugu kabisa: paiki, anayeruhusiwa, na maski, ambaye ukimchukua kabla hajawa mkubwa sana umevunja sheria. Bagula alimgeuza, akahesabu vitundu chini ya taya: vinne upande huu, vinne upande ule. Maski ana sita au zaidi kila upande. Bon, akaridhika. Akamkata vipande, akamkausha kwa moshi ndani ya pipa nyuma ya nyumba, siku mbili nzima, mpaka akawa mweusi na mkavu kama kwetu. Kichwa hakukiweka. Kichwa cha samaki mkubwa ni cha baba mkwe, nani hajui? Mtu wa kanisa akakipeleka kwa gari hadi Columbus, mtaa wa Linden, kwa mzee Mugisho.

Jirani aliyekuwa amechoka na moshi akapiga simu, akasema yule mtu ameua maski. Afisa wa samaki akaja, na mkalimani wake ndani ya simu, Mkenya mmoja.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kiko kwa bamukwe."

"Kwa nani?"

"Kwa baba ya bibi yangu. Columbus."

Afisa akacheka puani, akaandika.

Nzigire akampigia baba yake mbio mbio. "Papa, kile kichwa usitupe, hata mufupa!"

"Binti yangu, ulitaka nikitundike ku ukuta? Nilikula hata macho. Mifupa ilienda na takataka. Ambia mukwe wangu Mungu amubariki."

Afisa akampa Bagula njia mbili. Atie sahihi kwamba amekosa, yaishe. Au abishe, vipande viende maabara wakasome vinasaba, ile alama ya ukoo iliyo ndani ya nyama, isiyohitaji kichwa. Mwanasheria hakupenda hata moja: kosa likiandikwa, wataliuliza kwenye mahojiano, kesi ikibaki wazi, mahojiano yanasogezwa.

"Tia sahihi," Nzigire akasema. "Kwetu uliambia askari uko mwalimu ili wakuache. Leo unashindwa kusema uko mwizi?"

"Sikuiba. Mwana wa ziwa, nishindwe kujua samaki?"

"Alliance halali mu ziwa, analala mu kambi, wewe!"

Hakutia. Mahojiano yakasogezwa.

Mwezi wa saba barua ikaja: nyama imekaa sana motoni, vinasaba vimekatika-katika, havisomeki. Watajaribu tena kwa kipande cha karibu na mfupa. Yaani ule ufundi wake wa kukausha, uliosifiwa na kanisa zima, ndio uliomfunga.

"Mutoto walimupima mate," Nzigire akasema, "wiki tatu wakajua iko wako. Samaki, miezi mbili hawajajua mama yake!"

Bagula hakucheka. Aliacha mto, ndoano zikashika kutu. Kila akitoka kazini, kule anakoogesha wazee, alikaa kwenye ngazi kumngoja mtu wa posta, na huyo maskini akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Alliance naye zamani aliandika, "Papa, bado siku ngapi?" Mwezi wa nane akaacha maneno, akawa anatuma namba peke yake. Thelathini. Ishirini na mbili. Kumi na moja. Tatu. Kisha hakutuma kitu.

Barua ilifika tarehe kumi na nne Septemba. Paiki. Hana kosa, kesi imefungwa. Wakamrudishia na samaki wake ndani ya mfuko wa plastiki, katobolewa karibu na mfupa.

Alimpigia binti yake, akamsomea karatasi yote, na lile jina la kisayansi la samaki akalirudia mara mbili.

"Donc papa, haukukosa," Alliance akasema.

"Sikukosa."

"Na mimi, nilikosa nini?"

Nzigire aliyekuwa akipika akazima jiko, akangoja asikie mumewe atajibu nini.