Shimo Nililolifukia

Juzi, saluni hapa Tunduma, runinga ilionyesha mpira wa gofu ukiingia shimoni, na mguu wangu wa kulia ukasogea wenyewe.

Nilikuwa mdogo, tunaishi Itaka. Mjomba alinipeleka kwenye kiwanja kifupi cha gofu kando ya shamba la kahawa, palipojaa harufu ya maganda yaliyochacha. Akaniambia nisimame kwenye kibendera cha shimo, niangalie mpira utaangukia wapi. Alipiga kutoka mbali. Mpira ukadunda, ukabingirika, ukatumbukia shimoni. Nami nikafanya nilivyozoea kumfanyia mama alipodondosha mbegu za mahindi kwenye mashimo: nikaufukia kwa mguu kwa mchanga uliozunguka shimo, nikakanyaga taratibu.

Mjomba na rafiki yake walifika, wakaanza kupekua majani.

“Mpira uko wapi, mwanangu?”

“Nimeshaufukia, mjomba. Tusubiri mvua tu.”

Rafiki yake alicheka hadi akakaa chini. Mjomba alipiga magoti, akafukua mchanga kwa vidole, kisha akaruka juu akipiga yowe la furaha.

Leo najua kwamba wengi hucheza hadi uzeeni bila kuingiza mpira kwa pigo moja. Siku ile nilidhani mpira umeshaota.