Majibu ya Kikohozi cha Mama

Biashara ilipoachiwa huru na maduka ya Bariadi yakajaa plastiki za kila rangi, jirani yetu alimnunulia mama kikombe chekundu. Haikuwa zawadi. Mama alikuwa akikohoa tangu masika, na wanawake aliolima nao pamba kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, hawakutaka tena anywe togwa kwenye kibuyu chao kimoja.

"Hiki chako, mayu," jirani alimwambia shambani, akimwita mama kwa heshima ya Kisukuma.

Mama alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaja kulilia nyumbani. Niliwachukia wote, na togwa yao.

Kisha wakaja watafiti wa kifua kikuu, wakanichukua niwatafsirie Kisukuma. Mama alijiandikisha mapema, akatema makohozi kwenye kikopo chao kwa bidii kama anayeshindana. Tangu hapo kila asubuhi ni swali moja: wamesemaje? Watafiti waliotangulia walikuwa wameondoka na damu zetu, tukawasikia kwenye bomba, hawakurudi tena. Hawa waliahidi kurudi, na walirudi.

Majibu yalitolewa darasani, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Mama aliingia na kapu lake. Daktari, kijana mpole, aliinama akasema taratibu kwamba hana kifua kikuu. Kinachomkohoza ni moshi wa jikoni. Nami nikatafsiri kwa kunong'ona, machozi yakinilenga.

Mama akakunja uso. "Mbona mnanong'ona? Walioninunulia kikombe walinong'ona?"

Akafungua mlango. Wanawake wenzake walikuwa nje wakisubiri zamu zao.

"Asemee hapa."

Daktari akaeleza kuwa majibu ya mtu ni siri. Mama akauliza, nikatafsiri kwa raha zote: "Siri ya nani, yangu au yake?"

Kijana akacheka, akatoka nje, akasema. Nikarudia kwa Kisukuma, kwa sauti ya mnadani.

Mama akatoa kibuyu cha togwa kapuni, akanywa, akampa jirani. Jirani alikipokea kwa mikono miwili, akanywa hadi togwa ikamchuruzika kidevuni.

Nyumbani nilipofungua kapu nilikuta na kile kikombe chekundu.

"Hiki ulikibebea nini, mayu?"

"Ningejuaje majibu?" alisema, akichochea moto. "Kama ningekuwa naumwa, wao wangekunywa kwenye kibuyu, mimi humo."