Sebule Tupu ya Pangani

Mwaka ule nilichoka uchovu usioondoka kwa kulala. Jumatatu hadi Ijumaa nilitoka Pangani, Kibaha, kabla hakujapambazuka ili niwahi ofisini Dar. Ijumaa jioni, wenzangu wakirudi makwao, mimi nilikwenda Vihingo, Kisarawe, kwa mama. Magari mawili, kisha bodaboda. Baba alikuwa amefariki, mama anaishi peke yake, na presha yake ilipanda bila kumwomba mtu ruhusa. Ndugu zangu wawili wako mikoani. Wanapiga simu vizuri sana.

Nilimwomba mama ahamie kwangu, sijui mara ngapi. Jibu lake lilikuwa lilelile: mkataa kwao mtumwa. Halafu ananimiminia chai na kuniuliza mbona nimekonda.

Ni katika uchovu huo nilipoanza kuichukia sebule yangu. Ilikuwa kama sebule za wenzangu wote: makochi makubwa, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu kilichotulia, kabati la vyombo visivyotumiwa, maua ya plastiki. Kila nilipoingia niliona kazi tu, hiki kifutwe, kile kifuliwe. Siku moja nilitumwa kwenye ofisi fulani mjini, nikaketi mapokezi kusubiri. Ukutani palikuwa na picha tatu, nyeusi na nyeupe, za majengo ya miji nisiyoijua. Hakuna mtu, hakuna gari. Nilisubiri saa nzima na sikukasirika, mimi ninayekasirika hata maji yakichelewa kuchemka.

Basi nikatafuta picha za namna hiyo kwenye simu, nikazipeleka kwa mchapaji, na fundi akanitengenezea fremu nyembamba nyeusi. Moja ilikuwa ya ngazi za zege zinazopanda kwa kujizungusha. Ya pili, ukuta wa ghorofa wenye madirisha yasiyohesabika. Ya tatu ilikuwa kona ya jengo na anga tupu. Nilitaka chumba kisichoniomba chochote.

Ijumaa nilimpigia mama kumwambia wiki hii siji, nina shughuli za nyumba. Sikuwahi kukosa kabla ya hapo. Akasema haya, kwa sauti ndogo.

Jumamosi asubuhi nilitoa makochi yote nje, mimi na jirani yangu, mama mtu mzima tunayesali naye kanisa moja. Kabati tulilisukumia stoo. Nikatandika mkeka kuzuia vumbi la drili, nikatoboa ukuta, nikatundika picha. Jirani alikaa kwenye mkeka, khanga begani, kuangalia kama zimenyooka.

“Zimenyooka,” akasema. “Lakini mwanangu, watu wa haya majengo walihamishwa?”

Nikacheka, nikaenda kuoga. Simu yangu ilikuwa chumbani, imezimwa sauti. Mama alikuwa amepiga tangu alfajiri, sikupokea, naye akafunga mlango wake akaja.

Sasa fikiria alichokiona. Makochi nje. Mlango wazi. Sebule imeachwa tupu, mkeka umetandikwa, na mwanamke ameketi chini, shavu mkononi, anatazama ukuta kimya. Kwetu hali hiyo haiulizwi maswali. Watu hutoa viti nje na kukaa chini siku moja tu.

Nilikuwa nimejaa sabuni niliposikia yowe.

“Mwanangu wee! Nilikwambia upumzike! Kila Ijumaa njiani, kila Ijumaa njiani! Ni mimi nimekuua, mwanangu, ni mimi na ubishi wangu!”

Jirani yangu naye, kumwona mama wa Kisarawe anaingia akilia, akajua msiba umetokea huko Kisarawe. Akainuka, akajifunga khanga kiunoni, akaanza kulia kumpokea. Wakakumbatiana, kila mmoja akimlilia mwenzake kwa msiba aliodhani mwenzake anaujua. Wanawake wa nyumba za jirani wakaja mbio, mmoja na jamvi kwapani.

Ningeweza kutoka pale pale. Sikutoka. Nilisimama na sabuni yangu, maji yakidondoka, nikimsikiliza mama akiyataja yote: mvua zilizoninyeshea, miguu yangu ilivyovimba, ninavyosinzia mezani kwake kijiko mkononi. Kumbe aliona. Miezi yote ile nilidhani haoni. Nilijisikia vizuri kuliliwa namna ile, na naona aibu kuiandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nikauacha umuume dakika mbili zaidi.

Nilipotokea na khanga kifuani, mama alinyamaza ghafla. Akanishika mikono, akaibonyezabonyeza kama anayechagua maembe sokoni. Kisha akapandwa na hasira.

“Unatandika msiba ndani kwako bila maiti? Una akili wewe?”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba! Ondoa huo mkeka!”

Wenye kucheka wakacheka, mwenye jamvi akarudi nalo kwake. Mama hakucheka. Nilimpa maji, nikamrudishia kochi moja ndani, akakaa. Akazitazama zile picha, moja baada ya nyingine, muda mrefu.

“Nzuri,” akasema hatimaye, kwa adabu ya mgeni. “Mgeni akija hapo, nani anamfungulia?”

“Ni majengo tu, mama.”

“Naona.”

Nilimletea wali na mchicha. Alikula kidogo, akasukuma sahani. Nikajiandaa kusikia kwamba anataka kurudi kabla jua halijazama, maana ndivyo alivyofanya kila alipokuja. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nisingembembeleza hata neno moja.

“Leo nimekuzika,” akasema. “Kutoka pale getini mpaka hapa mlangoni, nimekuzika mzima mzima. Sitaweza mara ya pili.”

Niliichukua sahani yake.

“Kesho uende Vihingo. Ulete nguo zangu na dawa. Kuku wagawie majirani, mlango ufunge, ufunguo wape watu wa kanisa.”

“Twende wote, mama. Ukawaage majirani.”

Alitikisa kichwa, macho yakiwa ukutani.

“Nenda wewe. Mimi nikiiona ile nyumba, sirudi huku.”